Tuchimbapo Mashimo ya Ua

Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja wa Mtoni Kijichi mbele ya wanachama wa Temeke na Kinondoni, Dar es Salaam



Bwana Katibu aliponiandikia kwamba wanachama wamependa nisome habari za kutafuta mabomba na nyaya zilizofukiwa chini ya ardhi kabla ya kuchimba mashimo ya ua, najua wako waliocheka. Chama chetu kimezoea hotuba za mishahara, za pensheni, za elimu ya watoto na za adabu ya kazi. Na ua ni jambo la fundi na kibarua, si la karani. Mimi mwenyewe ningalicheka pamoja nao, kama si jambo lililotukia katika kiwanja changu, ambalo nitalieleza, ingawa kulieleza kwaniumiza.

Kwanza nataka mkumbuke ua wetu wa zamani. Ua wa makuti ulisimama juu ya miti myembamba, na shimo la kila mti lilichimbwa kwa kijiti na kufukuliwa kwa mkono. Ua wa michongoma haukutaka shimo hata kidogo, illa mfereji wa kidole kwa kupandia, na maji, na subira ya miaka mitatu. Na hata kama mtu angalichimba sana asingalipata kitu, kwa sababu maji yalichotwa kwenye bomba la mtaa au yaliletwa na mchukuzi, na taa ilikuwa ya mafuta. Siku hizi mtu apatapo kiwanja, kabla hajamaliza hata nyumba, ataka nguzo za chuma na seng'enge, au ukuta wa tofali wenye msingi wa futi tatu. Nguzo ya chuma yataka shimo la futi mbili au zaidi. Bomba la maji liingialo nyumbani kwa mtu mara nyingi limefukiwa futi moja na nusu, na mahali penye mteremko mvua za masika huuondoa mchanga kila mwaka hata likabaki inchi chache tu. Basi shimo la ua wa leo lashuka kuliko bomba na waya, na mwenye mtaimbo haoni kilicho mbele ya ncha yake.

Sasa nieleze habari yangu. Mwaka 2009 nalijenga banda la vyumba viwili nyuma ya nyumba yangu. Nalitaka umeme ufike huko, na kwa kuogopa gharama nalimwambia fundi achimbe handaki jembamba kutoka ukuta wa nyumba kubwa mpaka banda, alaze waya, afukie. Hakuuvika waya ule bomba la kuulinda, wala hakuweka tofali juu yake, wala utepe wa onyo. Kina chake hakikuzidi futi moja. Nalikuwa nimesimama pale, nimeshika kikombe cha chai. Mabwana, mwajua kazi niliyoifanya kwa miaka ishirini na saba: nalikuwa karani wa kutunza ramani na majalada ya watu wengine. Hakuna ramani iliyotoka mikononi mwangu bila kuandikwa katika daftari siku ile ile. Na siku ile, katika kiwanja changu mwenyewe, sikuandika hata mstari mmoja.

Miaka minane ikapita. Banda likapata wapangaji, wakaondoka, waya ukasahauliwa. Mwaka 2017 nalileta nguzo za chuma kwa ajili ya ua, nikamwajiri kijana mmoja wa Mbagala ambaye mjomba wake nalimfahamu. Alikuwa akijifunza ushonaji wa cherehani, na siku ambazo hakwenda kwa fundi wake alifanya vibarua apate nauli. Alipofika karibu na banda alisimama akaniuliza, "Mzee, hapa chini hakuna kitu?" Nikamjibu, "Hakuna kitu, mwanangu, chimba."

Maneno hayo nayasikia hata leo. Alipiga mtaimbo mara ya tatu au ya nne, kukawa na mlio kama wa bunduki na mwanga wa rangi ya samawati, naye akaanguka chali. Mungu alimnusuru, maana mtaimbo ulimtoka mkononi. Kiganja cha kulia kiliungua, na nyusi zake. Alikaa hospitali siku kumi na moja. Gharama naliilipa mimi, nanyi msinisifu kwa hilo. Vidole viwili vya mkono ule, cha shahada na cha kati, havikukunjika tena sawasawa, na mshonaji asiyeweza kukunja kidole cha shahada hawezi kuongoza kitambaa chini ya sindano. Cherehani aliiacha.

Baadaye fundi mmoja wa umeme alinieleza kwamba iko swichi ndogo ya ulinzi ambayo hukata umeme mara uvujapo kidogo tu kwenda ardhini, kiasi cha miliampea 30, kabla haujamdhuru mtu. Katika nyumba yangu haikuwamo. Fyuzi ilikatika, lakini fyuzi kazi yake ni kuuokoa waya usiungue; mtu hufikiriwa baadaye. Nimekwisha kuiweka swichi ile, na nawasihi mwitazame kama imo katika mbao zenu za umeme.

Tangu siku ile nalianza kuuliza na kusoma, na haya nitakayosema ndiyo niliyoyakusanya.

Mtu wa Kinondoni au Temeke aweza kudhani kwamba chini ya mchanga wake hamna kitu, kwa sababu nyaya za umeme nyingi twaziona zikipita juu kwenye nguzo. Lakini fikirini. Mtambo wa maji wa Mtoni, utumiao maji ya mto Kizinga, ni wa zamani kuliko mingine ya mji huu. Ruvu Juu ulianza kazi mwaka 1959, na bomba lake lafuata barabara ya Morogoro mpaka Kimara. Ruvu Chini ulijengwa katikati ya miaka ya 1970, na bomba lake laja kwa njia ya Bagamoyo mpaka matangi ya Chuo Kikuu. Kutoka katika mabomba hayo makubwa yametawanyika matawi, na matawi ya matawi. Gesi asilia ya Songo Songo ilifika Dar es Salaam mwaka 2004, na tawi lake moja lakwenda Wazo Hill kwenye kiwanda cha saruji. Bomba la pili, kutoka Mtwara, lilikamilika mwaka 2015 likafika Kinyerezi. Ziko nyumba za Mikocheni zipikazo kwa gesi ya bomba. Bomba la mafuta la TAZAMA, liendalo Ndola katika Zambia, huanzia Kigamboni, ambako zamani kulikuwa sehemu ya Temeke. Lilianza kazi mwaka 1968, na urefu wake ni kilometa 1,710. Na tangu nyaya za mawasiliano zipitazo chini ya bahari zilipofika pwani yetu mwaka 2009, kampuni za simu zimechimba kando ya barabara nyingi, na nyaya zao ni nyembamba kama kidole.

Hayo ni ya mashirika, na angalau kuna ofisi ya kuuliza. Yaliyo hatari zaidi kwa mtu wa pembeni mwa mji ni yale yasiyo na ofisi. Mwajua desturi yetu ya kuvuta maji. Bomba kuu likiwa mbali, kila jirani huvuta kijibomba chake cha plastiki peke yake, na ishirini hupita pamoja, moja juu ya jingine, kama tambi katika sahani, tena hupita katika viwanja vya watu ambao wakati huo walikuwa hawajajenga. Aliyenunua kiwanja baadaye hana habari kwamba maji ya nyumba sita yapita chini ya mstari wa ua wake. Nao wenye visima vya kuchimba wana waya wa pampu na bomba la kupandisha maji tangini. Kuna waya wa taa ya getini. Kuna mashimo ya choo ya zamani yaliyofunikwa kwa mbao na kusahauliwa. Haya si bomba wala waya, lakini mtu akisimama juu ya ubao uliooza akipiga sururu, aweza kushuka pamoja nao.

Swali la pili ni la ramani, na hapa naingia katika kazi niijuayo. Mtu mwenye heshima atasema, "Nitakwenda ofisini, nitaomba ramani, basi." Yafaa aende. Lakini ajue ramani ni kitu gani. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na kwa upande wa Temeke sehemu za Mtoni na Tandika, zilipimwa katika mpango wa viwanja na huduma wa miaka ya 1970; huko ramani ziko, na mistari yake imenyooka. Viwanja vya Bunju, Mbweni, Mivumoni, Tuangoma na Kibada vilipimwa katika mpango wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002. Huko nako ramani ziko. Katikati ya hivyo kuna mitaa iliyojijenga yenyewe, nyumba kwanza, njia baadaye, na huko ramani ni ya kukisia.

Hata pale ilipo ramani nzuri, mchoraji aliandika umbali wa bomba kutoka kitu fulani. Kitu hicho mara nyingi kilikuwa ukingo wa barabara. Ukingo huo uko wapi leo? Barabara ya Morogoro imepanuliwa, ya Bagamoyo imepanuliwa, ya Kilwa imejengwa upya kwa ajili ya mabasi yaendayo haraka mpaka Mbagala, na katika kazi hizo mabomba na nyaya vilihamishwa huku na huku. Karani akipewa taarifa ya uhamisho, huandika. Asipopewa, ramani hubaki ilivyo, nayo yasema uongo kwa sauti ya kweli. Kwa hiyo mkipewa ramani, ulizeni ni ya mwaka gani, na umbali ulipimwa kutoka wapi. Ikiwa ulipimwa kutoka bikoni au kona ya nyumba ya zamani, iaminini zaidi. Na kina cha bomba msikiamini kabisa, kwa sababu ardhi huchongwa na kujazwa kila siku.

Katika nchi nyingine wamerahisisha jambo hili. Huko Marekani tangu mwaka 2007 mtu atakaye kuchimba hupiga simu nambari 811, na watu wa umeme, maji, gesi na simu huja kutia alama kwa rangi: nyekundu ya umeme, manjano ya gesi, samawati ya maji, kijani ya maji machafu, na rangi ya chungwa ya simu. Mimi nalipita ofisi moja baada ya nyingine, nikarudishwa mara mbili, na mara ya tatu nikapata mtu mwema aliyeacha kiti chake akaja nami kuonyesha. Siandiki jina la ofisi wala la mtu. Nasema tu kwamba nasi tulio makarani humu tukumbuke kwamba mwananchi anayetuuliza njia ya bomba hakuja kutusumbua; pengine yuko kijana anayemngoja nyumbani na mtaimbo mkononi.

Sasa nitaeleza namna ya kutafuta. Kwanza tembea bila chombo chochote, asubuhi, jua likiwa chini, maana kivuli huonyesha bonde dogo ambalo adhuhuri halionekani. Handaki likifukiwa udongo wake hukaa chini kidogo, na baada ya miaka mingi bado kuna mstari mwembamba wa nyasi za kijani zaidi au haba zaidi. Itazame mita ya maji, na valvu, na mifuniko ya chemba. Tazama ukutani mahali waya ushukapo ukaingia ardhini, na mahali utokapo upande wa pili. Katikati ya sehemu hizo mbili ndipo penye shaka, lakini usidhani kwamba waya umenyooka. Fundi wetu akikuta mzizi wa mwembe huuzunguka. Kando ya barabara kubwa zitazame nguzo fupi zenye maandishi ya onyo: ukiona nguzo ya bomba la gesi au la mafuta, simamisha kazi, usipime wala usikisie, nenda kwa wenye bomba. Kumbuka tena kwamba barabara kuu na za mkoa zina eneo lake kila upande kwa sheria, na ua wako haufai kuingia humo. Na humo ndimo mabomba mengi yalimolazwa.

Pili, uliza watu. Mwenyekiti wa mtaa, ndiyo, na ofisi ya DAWASA na ya TANESCO ya wilaya yako. Lakini muulize hasa yule fundi bomba mzee wa mtaa, na bibi aliyekaa hapo tangu kabla hujanunua. Mimi katika kutafuta njia ya bomba la jirani nalisaidiwa na mama mmoja muuza maandazi kuliko na karatasi zote. Alisema, "Lilipasuka hapa mwaka ule wa mvua kubwa, wakachimba mpaka kwenye mpapai." Mpapai ulikuwa umekufa, lakini kisiki alikijua.

Tatu, viko vyombo. Chombo kitumikacho zaidi kina sehemu mbili. Sehemu moja huunganishwa na bomba la chuma au waya, ikapeleka ndani yake mawimbi ya umeme hafifu. Sehemu ya pili mtu huishika mkononi akatembea nayo, nayo hulia kwa nguvu awapo juu ya kitu kile. Chombo hicho chaweza pia kusikia umeme wenyewe wa nyumbani, ambao hugeuka mara 50 kwa sekunde, bila kuunganishwa na kitu. Hapa pana siri ambayo mafundi wengine hawaisemi. Waya usiotumika haupitishi mkondo, na chombo hakiusikii vizuri. Kwa hiyo kabla ya kutafuta, washa taa zote, washa pampu, washa pasi ya banda la nyuma, ndipo upite. Kama ningalifanya hivyo, banda langu likiwa tupu na taa zimezimwa, ningaliambiwa hakuna kitu kwa mara ya pili.

Chombo kina udhaifu mwingine. Ukiwapo ua wa waya karibu, mawimbi huurukia ua, na mtu akafuata ua badala ya bomba. Nyaya nyingi zikilala pamoja, chombo hutaja mahali pasipo na hata mmoja wao. Na bomba la plastiki hakilioni kabisa, wala waya wa mawasiliano wa kioo usio na chuma ndani yake. Kwa bomba la plastiki fundi mwenye akili hufungua mfereji, akasukuma waya mrefu ndani ya bomba, kisha akautafuta waya ule. Kiko chombo kingine cha namna ya rada, kisukumwacho kwa magurudumu kama toroli. Hicho huona plastiki pia, na katika mchanga mkavu hufanya kazi nzuri, lakini katika udongo wa mfinyanzi wenye maji, au karibu na bahari penye chumvi, huona kidogo sana. Bei yake si ya mtu mmoja, illa watu wa mtaa wakichanga kumkodi fundi wake kwa siku moja.

Na yule bwana atembeaye na vijiti viwili vya waya vilivyokunjwa, akisema vikikutana ndipo penye bomba? Namheshimu kwa umri wake. Lakini palipojaribiwa kwa haki ustadi huo haukushinda bahati, nami sitampa mtoto wa mtu mtaimbo kwa ushahidi wa vijiti.

Baada ya yote hayo, kiko kipimo kimoja kisichodanganya, nacho ni jicho. Maana yake ni shimo la kujaribu. Mahali unapodhani bomba lapita, chimba mfereji mfupi ukatao njia yake, si ufuatao. Uwe wa urefu wa hatua mbili, ili ukikosea kidogo upate hata hivyo. Tumia beleshi lenye makali butu, ukwangue udongo tabaka kwa tabaka. Mtaimbo na sururu viache mbali hata visishawishi. Umeme uwe umekatwa kwenye swichi kuu, na mtu mmoja akae pale asiuwashe. Ukiona mchanga safi katikati ya udongo mwekundu, au kipande cha tofali kilicholala sawasawa, au utepe wa manjano, tulia: hiyo ni dalili ya mkono wa mtu. Endelea kwa mkono mpaka ukione kitu chenyewe. Kisha pima kina chake, na umbali wake kutoka kona mbili za nyumba, ukaandike papo hapo. Tia chokaa juu ya ardhi kufuata njia yake.

Wengi huuliza: nikikuta bomba chini ya mstari wa ua, nifanye nini? Nguzo si lazima zikae mita mbili na nusu kila moja kama askari. Isogeze nguzo moja nusu mita, waya hautalalamika. Kwa ukuta, acha pengo katika msingi, ukavushe mkanda wa zege wenye nondo juu ya bomba, ili uzito wa ukuta usilikalie. Kamwe usilifunge bomba ndani ya zege; siku livujapo utavunja ukuta wako kulifikia. Jamaa yangu mmoja wa Tegeta alifanya hivyo. Alivunja mita nne za ukuta ambao rangi yake haijakauka, na majirani tisa hawakumsalimu mpaka Ijumaa ya pili. Na mwachie msoma mita mlango.

Ikiwa umekwisha kugonga. Kwa waya, usimshike aliyepigwa mpaka umeme umekatwa. Msukume kwa ubao mkavu kama swichi iko mbali. Usiung'oe mtaimbo. Kwa bomba la maji, funga valvu, ukatoe taarifa, wala usilifunge kwa mpira wa baiskeli ukafukia usiku. Kwa gesi, ondoka, ondoa watoto, kaa upande upepo utokako, usiwashe kiberiti wala gari wala simu pale pale, ukapige simu ukiwa mbali. Gesi asilia haina harufu yenyewe. Hutiwa dawa ya harufu ipelekwapo majumbani, basi usingoje pua yako ikuambie.

Na hata kama hakuna kilichovuja, sema. Tarehe 30 Julai, mwaka 2004, katika Ghislenghien, nchi ya Ubelgiji, bomba kubwa la gesi lililipuka wakafa watu 24. Bomba lile lilikuwa limekwisha kukwaruzwa na mashine katika kazi za ujenzi za siku zilizotangulia. Lilivumilia kwa muda, kisha likashindwa. Jirani zetu wa Nairobi nao walipata msiba tarehe 12 Septemba 2011 katika mtaa wa Sinai, mafuta yalipovuja kutoka bomba yakashika moto, wakafa watu wapatao 100 au zaidi. Huko chanzo hakikuwa jembe la mtu. Lakini nyumba zilikuwa zimeisogelea njia ya bomba mpaka moto haukuwa na mahali pa kupita illa juu ya watu. Nikiona ua ukijengwa juu ya njia ya bomba kubwa ili kupata hatua tatu zaidi za kiwanja, nawakumbuka wale.

Nimekaribia mwisho, Bwana Rais. Nina ombi moja kwa wanachama, na si la fedha. Kila mmoja wetu achukue karatasi moja, achore nyumba yake kwa kalamu, haidhuru mchoro uwe mbaya, aonyeshe njia ya maji, ya umeme, ya maji machafu, na mashimo ya zamani, na umbali wa kila kimoja kutoka kona mbili. Nakala moja aibandike nyuma ya mlango wa mbao za umeme, nyingine aitie pamoja na hati ya kiwanja, na akiuza nyumba amkabidhi mnunuzi. Asiyejua njia aandike neno "sijui" mahali pale, maana nalo ni onyo. Ninyi mmezoea kujaza fomu za watu. Hii ni fomu ya saa moja.

Yule kijana yuko hai, sasa ana duka dogo la vitambaa Mbagala Rangi Tatu. Huvipima na kuvikata kwa mkono wa kushoto. Mwaka jana nalimwendea nikamwonyesha mchoro wa kiwanja changu. Aliutazama kwa muda mrefu, kisha akatia kidole juu ya mstari mwekundu wa banda, akaniuliza ni futi ngapi kutoka ukutani. Nikamwambia ni kumi na nne. Akasema, "Siyo, Mzee, ni kumi na mbili. Mimi nalikuwapo." Nalirudi nikapima, ikawa kumi na mbili na inchi tatu. Mchoro uliosahihishwa nimeuacha mezani kwa Bwana Katibu, pamoja na karatasi tupu kwa wale watakao kuanza usiku huu.